Sentensi niliyompa baba mkubwa

Najua nimepotea. Testi zilifuatana kama mabehewa ya TAZARA, bumu likachelewa, na katikati ya vurugu hizo nikapanda basi la Tukuyu bila kumuaga mtu. Nimerudi Mlimani jana usiku. Mwenzangu wa chumbani anakoroma, mimi usingizi hauji, basi ngoja niandike.

Mnaikumbuka ile kazi ya historia ya tiba? Mhadhiri alisema kila mtu achukue jambo moja lililoingia nyumbani kwao, alifuatilie lilikotoka. Mimi nilishaandaa madesa yangu ya ndui, safi kabisa. Nimeyaweka pembeni. Naandika historia ya sentensi moja. Yenyewe ni hii: "Mwanaume mwenye sukari hapati saratani ya tezi dume."

Niliisema mimi. Nilimwambia baba mkubwa kwenye simu nikiwa mwaka wa kwanza, najisikia msomi kwelikweli.

Kwa wasiopajua kwetu: Msasani ninayoisema si ile ya Dar yenye bahari. Ni Msasani ya Tukuyu, wilaya ya Rungwe. Ukitoka Uyole unapanda Isyonje, unateremka Kiwira, na mvua inakupokea kabla ya ndugu zako. Baba mkubwa anakaa hapo, ana miaka 67, ana migomba yake na miparachichi kadhaa. Kisukari anacho mwaka wa 11 sasa. Kwa Kinyakyusa kaka wa baba naye ni tata tu, kwa hiyo huyu ni baba yangu, msinielewe vibaya.

Miaka miwili iliyopita alianza kuamka usiku kukojoa. Mara tatu, baadaye mara tano. Akaenda kituo kimoja cha afya, akaambiwa, "Mzee, hiyo ni sukari, punguza ndizi." Mnyakyusa kupunguza ndizi si jambo dogo, lakini alipunguza. Akanipigia: "Mwanangu, wewe uko Chuo Kikuu. Wazee wenzangu wanasema inaweza kuwa tezi dume. Unasemaje?" Nikaingia kwenye simu yangu, nikasoma mistari minne ya utafiti fulani, nikamjibu kwa sauti ya kidaktari: usiwe na wasiwasi tata, wenye sukari hawapati hiyo.

Akatulia. Mgongo ukaanza kuuma, akasema ni jembe. Mwezi uliopita usiku mmoja mkojo ukaziba kabisa. Bodaboda, mpira wa mkojo, rufaa ya Mbeya, kipimo cha damu, kinyama kikakatwa kikapelekwa maabara. Saratani ya tezi dume, na imeshafika kwenye mifupa.

Sasa mnaelewa kwa nini nimeacha ndui.

Tuanze na swali la kwanza la mwanahistoria: kabla ya sentensi yangu, watu walikuwa wanasema nini? Walikuwa wanasema ugonjwa huu ni nadra. Mwaka 1853 daktari wa upasuaji J. Adams wa The London Hospital alieleza mgonjwa ambaye saratani yake ya tezi dume ilithibitishwa kwa darubini, na hiyo huhesabiwa kuwa ya kwanza kuthibitishwa hivyo. Yeye mwenyewe aliuona ni ugonjwa adimu sana. Kwa nini adimu? Sababu moja ni kwamba wanaume wengi walikufa kabla ya kuufikia umri wake. Nyingine ni kwamba mzee akishindwa kukojoa watu walisema ni uzee, wakamzika na uzee wake. Kisichopimwa kinaonekana hakipo.

Wazo hilo lilipofika Afrika likavaa nguo nyingine. Madaktari wengi wa kikoloni waliamini Mwafrika hapati saratani, kwamba huo ni ugonjwa wa watu walioendelea. Albert Schweitzer, aliyefika Gabon mwaka 1913, aliandika baadaye kwamba alishangaa kutokuta wagonjwa wa saratani. Rudi kwetu wakati huohuo. Wamisionari wa Moravian walikuwa Rungwe tangu 1891, na Tukuyu ilikuwa boma la Mjerumani likiitwa Neu Langenburg. Mzee wa Kinyakyusa wa miaka 67 mwenye mgongo unaouma angekwenda kwa nani apimwe tezi dume? Na kwa kipimo gani? Hakuna aliyemhesabu, halafu ikaandikwa kwamba hayupo.

Kuhesabu kwa kweli katika ukanda wetu kulianzia jirani. Mwaka 1951 pale Mulago, Kampala, mwanapatholojia J. N. P. Davies alianzisha daftari la kusajili wagonjwa wa saratani, mojawapo ya madaftari ya zamani kabisa Afrika. Lilikatikakatika wakati wa vurugu za siasa za Uganda, likafufuliwa, na miaka ya 1990 na 2000 lilionyesha saratani ya tezi dume ikipanda mwaka hadi mwaka. Sehemu ya kupanda huko ni vipimo kuwa bora, sehemu nyingine wataalamu wanaamini ni ongezeko la kweli. Leo hii katika makadirio ya kimataifa ya mwaka 2022, saratani ya tezi dume ndiyo inayoongoza kwa wanaume wa Tanzania. Duniani kote mwaka huo walikadiriwa wagonjwa wapya karibu milioni 1.5 na vifo karibu 397,000. Ndiyo ule ugonjwa adimu wa mwaka 1853.

Baada ya kuhesabu likaja swali la pili: nani hasa anaupata? Hapa ndipo historia inapokuwa tamu, maana jibu lilikuja kwa vipande.

Kipande cha kwanza ni umri, na hiki hakina ubishi. Chini ya miaka 40 ni nadra sana, baada ya 50 hatari inapanda, na wengi hugundulika wakiwa na miaka 65 na kuendelea. Ugonjwa huu unafuata rika. Sisi Wanyakyusa neno rika tunalielewa vizuri. Godfrey na Monica Wilson walioishi kwetu miaka ya 1930 walikuta wavulana wakitoka kwa wazazi wao na kujenga kijiji chao pamoja na wenzao wa umri mmoja, na wanazeeka humo pamoja. Monica aliandika kitabu kizima juu ya jambo hilo, Good Company, kilichotoka mwaka 1951. Vijiji vile vimekwisha, lakini wazee wa Msasani bado wanakaa kwa rika zao. Likumbukeni hili, nitalirudia.

Kipande cha pili ni damu. Mwanaume ambaye baba yake au ndugu yake wa kiume aliugua, hatari yake ni kama mara mbili ya mwingine. Akiwa na ndugu wawili au watatu, au waliougua wakiwa bado vijana, inapanda zaidi.

Kipande cha tatu ni mahali. Mwaka 1968 watafiti Haenszel na Kurihara walichapisha takwimu za Wajapani waliohamia Marekani. Japani saratani hii ilikuwa ndogo. Waliohamia, na zaidi watoto wao, walianza kusogelea viwango vya Wamarekani. Damu ileile, nchi nyingine, hatari nyingine. Kwa hiyo si ukoo peke yake, chakula na maisha navyo vina mkono wao, na vipimo pia.

Kipande cha nne kinatuhusu sisi. Wanaume wenye asili ya Afrika walioko Marekani, Uingereza na visiwa vya Karibiani ndio wenye viwango vya juu kabisa. Hesabu za Uingereza zilizochapishwa mwaka 2015 zilisema: katika maisha yake mwanaume mweusi 1 kati ya 4 atagundulika na saratani hii, mweupe 1 kati ya 8, mwenye asili ya Asia 1 kati ya 13. Waliotafuta sababu kwenye vinasaba walikuta, mwaka 2006, kipande kwenye kromosomu ya 8 chenye alama za hatari ambazo baadhi yake zimeenea zaidi kwa watu wa asili ya Afrika. Mwaka 2018 utafiti wa wanaume wa Uganda ukaonyesha kipande hichohicho kina nguvu pia hapa Afrika Mashariki. Lakini msikimbilie vinasaba tu. Kuchelewa kupimwa, umaskini na umbali wa hospitali vinaua watu bila kuuliza kromosomu.

Sasa tunafika kwenye sentensi yangu. Kaeni vizuri.

Kwa saratani nyingi, kama za ini, kongosho na utumbo mpana, mwenye kisukari cha ukubwani yuko kwenye hatari zaidi. Tezi dume ikaenda kinyume. Tafiti za Marekani na Ulaya zilikuwa zinaona wanaume wenye kisukari wakigundulika na saratani hii kidogo kuliko wenzao. Mwaka 2006 Kasper na Giovannucci walikusanya tafiti 19, wakazijumlisha, wakapata kwamba hatari kwa wenye kisukari ilikuwa chini kwa kama asilimia 16. Hiyo ndiyo mistari minne niliyoisoma kwenye simu. Ni ya kweli. Sikudanganywa na mtu.

Angalieni nilivyoigeuza lakini. Asilimia 16 chini maana yake ni kwamba mahali ambapo wangeugua 100, wataugua 84. Mimi nilimwambia baba mkubwa kwamba hatakuwepo hata mmoja. Nilichukua wale 84 nikawafuta.

Kwa nini ipungue? Maelezo yapo kadhaa. Moja ni homoni: wanaume wengi waliokaa na kisukari kwa muda mrefu wana homoni ya kiume iliyo chini, na tezi dume inaishi kwa homoni hiyo. Jingine ni insulini. Mwanzoni mwa kisukari cha ukubwani insulini huwa nyingi mwilini, miaka ikienda inapungua, na kweli tafiti nyingine ziliona hatari haipungui miaka ya mwanzo, inapungua baadaye. La tatu ni vinasaba: mwaka 2007 timu iliyoongozwa kutoka Iceland ilikuta badiliko moja la kinasaba linaloongeza hatari ya saratani ya tezi dume na wakati huohuo linamkinga mtu na kisukari. Kama mizani vile, upande mmoja ukipanda mwingine unashuka.

La nne ndilo lililoninyima usingizi. Wenye kisukari kwa wastani wana PSA ya chini, yaani kile kipimo cha damu kinachotumika kuinusa saratani hii. PSA ikiwa chini, daktari hana sababu ya kukata kinyama. Asipokata kinyama, haioni. Kwa hiyo sehemu ya ile asilimia 16 huenda si watu wasiougua, ni watu wasioonekana. Mnaona? Ni kosa lilelile la Neu Langenburg: asiyehesabiwa anaandikwa hayupo. Na tafiti nyingine zinasema mwenye kisukari akishaipata saratani hii, uwezekano wa kufa ni mkubwa kuliko wa mwenzake asiye na kisukari. Unene nao unahusishwa zaidi na zile saratani kali.

Halafu ongezeni hali yetu. Mwaka 1989 Profesa Donald McLarty wa Muhimbili na wenzake walichapisha vipimo vya watu zaidi ya 6,000 wa vijiji 6 vya Tanzania: wenye kisukari hawakufika 1 kati ya 100. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012, kwa watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta kama 9 kati ya 100. Njia za kupima na umri havifanani sawasawa, lakini mwelekeo mnauona. Zamani mzee wa Tukuyu aliyeamka mara tano usiku hakuwa na sukari ya kusingizia. Siku hizi wengi wanayo, na sukari inakojoza kama tezi inavyokojoza. Ugonjwa mmoja unajificha nyuma ya mwingine. Tofauti ndogo iliyopo: sukari inaleta mkojo mwingi na kiu, tezi inaleta mkojo unaosuasua, unaokatika, unaokuacha ukihisi kibofu hakijaisha. Na saratani changa mara nyingi haionyeshi chochote. Hapo ndipo kipimo kinapotakiwa.

Kipimo nacho si malaika. PSA hupanda hata kwa maambukizi au tezi kuvimba kwa uzee tu, ambako si saratani. (Na tafadhali tuache kusema "fulani ana tezi dume". Kila mwanaume anayo. Kuugua ndiyo habari nyingine.) Marekani jopo la wataalamu lilisema mwaka 2012 watu wasipimwe ovyo kwa PSA, kisha mwaka 2018 likasema mwenye miaka 55 hadi 69 aamue pamoja na daktari wake. Wataalamu wengi wanashauri mazungumzo hayo yaanze kwenye miaka 50, na mapema zaidi, 45 au hata 40, kwa mwenye asili ya Afrika au mwenye ndugu aliyeugua. Kisukari hakimo kwenye orodha ya sababu za kutokwenda.

Nilifika Msasani jioni. Nikamkuta amekaa barazani na wenzake wawili wa rika lake, mpira wa mkojo umefichwa chini ya blanketi. "Mugonile, tata." "Ndaga, mwanangu." Nilikuwa nimepanga hotuba nzima ya kuomba msamaha, sikupata pa kuianzia. Yeye ndiye alianza.

"Wananiambia njia ni mbili," alisema. "Sindano za kila baada ya miezi, au wanitoe korodani mara moja yaishe."

Hilo nalo lina historia. Mwaka 1941 Charles Huggins na Clarence Hodges wa Chuo Kikuu cha Chicago walionyesha kwamba saratani hii inalishwa na homoni ya kiume: ukiondoa korodani, au ukitoa homoni ya kike, inanywea. Huggins alipewa Nobel mwaka 1966. Haiponyi iliyokwishasambaa, lakini inaituliza, kwa miezi au kwa miaka. Sindano zina bei, na zinataka urudi tena na tena. Upasuaji ni mara moja, ndiyo maana Afrika wengi wanauchagua. Ubaya wake mmoja nilimweleza safari hii nikiwa nimesoma mpaka mwisho: kuzima homoni hiyo kunaweza kuipandisha sukari, kwa hiyo sukari yake itabidi ifuatiliwe kwa karibu zaidi.

Akanitazama. "Umesoma yote leo?"

"Yote, tata."

"Haya. Watoto ninao saba. Hizo korodani zilishamaliza kazi." Wenzake wakacheka mpaka wakakohoa. Kisha mmoja akaacha kucheka, akauliza kwa sauti ya chini, "Na hicho kipimo cha damu kinauma?" Kumbe naye anaamka mara nne.

Hapo ndipo nilipoona lile rika linafanya kazi. Sisi hapa chuoni tunacheka sana habari ya kidole cha daktari, na wazee nao walikuwa wanacheka vilevile, ndiyo maana hakuna aliyeuliza. Mwaka 2014 Rais Kikwete alifanyiwa upasuaji wa tezi dume Johns Hopkins, Baltimore, Ikulu ikatangaza. Ni hospitali ileile ambako Hugh Young aliondoa tezi dume nzima yenye saratani mwaka 1904. Siku zile watu wengi walilisikia neno tezi dume redioni bila utani. Lakini rais yuko mbali. Mzee wa Msasani anamsikiliza mzee wa Msasani. Wale wawili wamekubaliana kwenda pamoja kupima. Baba mkubwa amewaambia asiyekwenda asije tena barazani kwake.

Kilichobaki ni changu. Baba yangu mzazi ana miaka 58. Ndugu yake wa tumbo moja ameugua, maana yake hatari yake imepanda, na ya kwangu itakuja kwa mlango huohuo. Na sukari anayo pia, tangu mwaka juzi. Jana usiku nikiwa kwenye basi nilimpigia. Akaniuliza habari za mvua, za bumu, za nauli. Nikamrudisha. Akasema, "Si ulimwambia kaka kwamba sisi wa sukari hatupati?"

Nikasema ndiyo, nilisema hivyo, nilikosea. Kimya. Nilidhani mtandao umekata.

"Basi tafuta hiyo hospitali ni ipi," akasema, "nitakwenda Jumatatu."

Wadau, kama una baba, baba mkubwa, baba mdogo au mjomba mwenye miaka zaidi ya 45, mpigie. Usimpe mistari minne. Muulize anaamka mara ngapi usiku, muulize babu alifariki kwa nini, halafu mwambie aende. Sasa nakwenda kulala, saa mbili asubuhi nina semina na sijasoma kitu.

Nawasilisha.